Riwaya ya zama za mawe: namna ya kuiandika bila kuchanganya enzi

Riwaya nyingi za zama za mawe huharibika kabla ya ukurasa wa kumi, na kosa huwa ni lile lile: mwandishi ameandika "hapo kale" bila kuamua ni kale ipi. Nyayo za Laetoli, kaskazini mwa Tanzania, zina miaka milioni 3.66. Wafugaji wa kwanza wa kando ya Ziwa Turkana ni wa miaka 5,000 hivi iliyopita. Ukiwakutanisha watu wa huku na wa kule kwenye pango moja, kosa lako limempita mbali mwandishi aliyemfanya Seyyid Said atume fedha kwa M-Pesa. Yule kakosea miaka 150 tu.

Kwa hiyo mhusika asubiri kwanza. Chagua mwaka mmoja na kilima kimoja, kisha ukatae kuhama.

Enzi ipi?

Kila enzi inakupa kitu na kukunyima kingine. Olduvai ya miaka milioni 1.8 iliyopita inakupa wanyama ambao msomaji hajawahi kuwaona na zana za mawe zilizogongwa mara chache tu, lakini inakunyima mazungumzo, kwa kuwa hakuna awezaye kuthibitisha kwamba viumbe wale walisema lugha kama yetu. Riwaya isiyo na mazungumzo inaandikika, ila si ya kuanzia.

Olorgesailie, kilomita 70 hivi kusini-magharibi mwa Nairobi, inafaa hadithi ya safari. Kati ya miaka 320,000 na 295,000 iliyopita watu wa pale walitumia obsidiani, lile jiwe jeusi la kioo cha volkano, na vipande vingine vilitoka umbali wa hadi kilomita 95. Jiwe halina miguu. Nani alilileta, na alipewa nini? Hapo pana riwaya. Ukitaka mifugo, vyungu na ziwa linalokauka, nenda Lothagam Kaskazini huko Turkana, ambako kati ya miaka 5,000 na 4,300 iliyopita wafugaji walizika watu wasiopungua 580 mahali pamoja na kusimamisha nguzo za mawe juu yao.

Mwongozo huu utashika mfano mmoja hadi mwisho: Panga ya Saidi, Kilifi, miaka 78,000 iliyopita. (Panga hapa ni pango, si ile ya kufyekea.) Ni pango la mawe ya chokaa, kilomita 15 hivi kutoka baharini. Ndani yake, karibu mita 3 chini ya sakafu ya leo, wachimbaji walikuta mifupa ya mtoto wa miaka miwili na nusu hadi mitatu. Mifupa ilikuwa laini kama majivu, ikabidi bonge zima la udongo lizungushiwe plasta na kubebwa hivyo hivyo hadi maabara. Matokeo yalitangazwa mwaka 2021: kaburi la kale kuliko yote ya binadamu wa leo yaliyojulikana Afrika hadi wakati huo. Watafiti walimwita Mtoto.

Daftari la safu tatu

Kabla ya sentensi ya kwanza ya riwaya, chora safu tatu katika daftari. Ya kwanza iite Limechimbwa, ya pili Limefananishwa, ya tatu Nimelitunga. Kila unachotaka kuandika kikae katika safu moja tu.

Kwa kaburi la Mtoto, safu ya kwanza inapata haya: shimo lilichimbwa makusudi, mwili ulilazwa kwa ubavu wa kulia, magoti yamekunjwa kuelekea kifuani, sehemu ya juu ya mwili ilikuwa imefungwa kwa kitu kilichooza, kichwa kiliinama kwa namna inayoonyesha kwamba kiliegemezwa juu ya kitu, nacho kimeoza. Safu ya pili: kile kilichooza kinaweza kuwa ngozi au majani, kwa kuwa ndivyo vitu ambavyo watu wengine wa enzi na nchi nyingine wamevitumia. Safu ya tatu ni yako: aliyemkunja magoti ni nani, aliyekataa kutoka pangoni ni nani, na mto ule wa kichwa ulishonwa lini.

Ukimaliza kupanga, pima kila tukio kwa daftari. Tukio lisilo na hata jambo moja la safu ya kwanza linaelea hewani; lingeweza kutokea popote, siku yoyote. Tukio lisilo na chochote cha safu ya tatu ni somo la darasani. Na safu ya pili ndiyo ya kuogopwa zaidi, kwa sababu ni rahisi kuisahau kuwa ni mfano tu. Kishawishi kikubwa hapa Afrika Mashariki ni kuwachukua Wahadzabe, wawindaji na wakusanyaji wa Ziwa Eyasi, na kuwavisha enzi yoyote utakayo. Wahadzabe ni watu wa leo, wenye historia ndefu kama ya mtu yeyote. Kwao jifunze mambo yanayotokana na kazi yenyewe: kwamba kambi ya watu 20 hadi 30 inajitosheleza, kwamba chakula cha uhakika hutoka kwenye mizizi, matunda na asali huku nyama ikija kwa bahati, kwamba kambi huhama pakichoka. Nyimbo zao, imani zao na majina yao ni mali yao. Usiyachote.

Tenga wiki sita hadi nane kwa daftari. Wengi huliruka, halafu hulipia kwenye rasimu ya pili kwa miezi.

Ng'oa minazi

Sasa simama Kilifi kwa macho ya mawazo na uanze kuondoa vitu. Mnazi uondoke, umetoka Asia. Paa za makuti ziende nao. Mwembe, nao wa Asia. Mkorosho umetoka Brazili, mpapai Amerika ya Kati, mahindi, muhogo na pilipili vyote vimevuka Atlantiki baada ya mwaka 1500. Mkaratusi ni wa Australia. Hata mwarobaini, ambao pwani ya Kenya unaitwa mkilifi kana kwamba ulizaliwa pale pale, asili yake ni Bara Hindi. Kunguru wa mjini wenye shingo ya kijivu waliletwa Unguja miaka ya 1890. Ng'ombe, mbuzi, kuku, paka na mbwa, wote hawapo.

Kinachobaki si jangwa. Mbuyu upo na mabuyu yake, mkwaju upo, mbungo upo, mikoko ipo kwenye hori. Msandarusi upo, na utomvu wake unaweza kufanya kazi ya gundi ya kushikiza jiwe kwenye mpini. Hilo liingie safu ya pili. Kuna chui, fisi, nyati, nguruwe mwitu, paa, tumbili. Bahari yenyewe ilikuwa chini kuliko leo, ila ukanda wa maji mafupi mbele ya pwani hii ni mwembamba, kwa hiyo ufuo haukukimbilia mbali.

Kilomita 15 zile ni zawadi kwa mtunzi. Mtu mzima asiye na mzigo hutembea saa tatu au nne. Weka watoto, mzigo, vichaka visivyo na njia na chui, na safari inakula siku. Wakazi wa pango hawakuishi kwa chakula cha baharini. Waliishi mahali msitu unapokutana na mbuga. Basi anayekwenda baharini ana sababu, na sababu hiyo ni sura nzima.

Angani pia pana mtego. Mhimili wa dunia huyumba na kumaliza mzunguko mmoja kwa miaka 26,000 hivi. Miaka 78,000 ni kama mizunguko mitatu, hivyo nyota za majira zilikuwa karibu na zamu zao za leo. Bahati tu ya hesabu. Ukihamia miaka 65,000 anga inageuka. Lakini Sirius, nyota jirani inayokwenda mbio, imehama zaidi ya nyuzi 20 tangu wakati ule, kwa hiyo usiiweke mahali inapokaa sasa. Kilimia, lile kundi dogo la nyota, kimebaki kundi lile lile. Tatizo lake ni jina.

Lugha: hapa ndipo Kiswahili kinaposaliti

Kilimia kimetokana na kulima, na hakuna aliyekuwa analima. Wahusika wako waliite kundi hilo kitu kingine, tuseme Wasichana au Manyoya, na msomaji atalitambua kwa maelezo.

Jambo kama hilo liko kila mahali, na mhariri wa kawaida halioni. "Jogoo la kwanza lilipowika": kuku hayupo. "Aliruka kama mshale": upinde miaka 78,000 iliyopita hauna ushahidi wa kutegemewa pale, andika mkuki. "Alipanda mbegu ya chuki", "walivuna walichopanda": kilimo. "Moyo wa chuma." "Kichwa kizito kama chungu." "Dakika chache baadaye." Pitia rasimu kwa kalamu nyekundu na utafute methali: "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe" inaanguka kwa jembe, "Haba na haba hujaza kibaba" inaanguka kwa kibaba. "Simba mwenda pole ndiye mla nyama" inapita bila jasho, na "Mchumia juani hulia kivulini" pia.

Je, tuyafukuze maneno yote yenye asili ya Kiarabu? Hapana. Ukiitoa "damu" au "samaki" utaandika Kiswahili kisichosemwa na mtu, na hata ukirudi kwenye "nswi" ya washairi wa kale bado uko mbali na miaka 78,000 kwa miaka elfu 77. Kipimo si asili ya neno. Ni kitu ambacho neno linakivuta nyuma yake. "Damu" haivuti chochote isipokuwa damu. "Saa" inavuta saa ya ukutani. "Bei" inavuta soko, "sheria" inavuta mahakama, "shikamoo" inavuta mambo ambayo hutaki yaingie pangoni. Tafuta salamu ya kubuni, fupi, inayotokana na maisha yao, mathalani anayefika anaulizwa "Umeona maji?" na anajibu yalipo. Kwa ndugu, Kiswahili cha zamani kinakupa "umbu", ndugu wa jinsia nyingine, neno linalofaa sana enzi hizi na ambalo limeachwa bure.

Usiwafanye waseme Kiswahili kilichovunjika. "Mimi kwenda mto, kuua nyati" ni mzaha wa sinema. Watu wa miaka 78,000 iliyopita walikuwa binadamu kama sisi. Walitania, walisengenya, walidanganya na walitumia mafumbo. Wape sarufi kamili na wape mafumbo.

Majina: wahusika wenye majina wasizidi 12. Yasome kwa sauti. Majina mawili yasianze kwa silabi moja. Majina yenye maana (Tone, Kishindo, Ubavu) hukumbukwa haraka kuliko ya kubuniwa ovyo, na yanakubali kuelezwa ndani ya hadithi.

Gonga jiwe mwenyewe

Huwezi kueleza mkono wa mchonga zana kama mkono wako haujawahi kuumia. Siku mbili zinatosha kuanza.

Nunua au omba jiwe la basalti, jiwe gumu la volkano, lenye chembe laini kwenye machimbo ya kokoto, la kilo 1 hadi 2. Hilo ndilo jiwe mama. Ligonge kidogo kwa kokoto: likilia kwa sauti kali na safi, ni zima, likitoa mlio mfu, lina ufa ndani, litupe. Tafuta jiwe la kugongea la mviringo, gramu 300 hadi 500, linalojaa kiganjani. Vaa miwani ya kukinga macho, glavu ya ngozi mkono unaoshika jiwe mama, na weka kipande cha ngozi au gunia zito pajani. Kaa nje kwenye upepo, kwa sababu vumbi la mawe huharibu mapafu. Tandika turubai chini.

Sasa tafuta ukingo ambapo pande mbili za jiwe zinakutana kwa pembe iliyo chini ya nyuzi 90. 70 hadi 80 ni nzuri. Piga juu ya ukingo huo, milimita 5 hadi 10 kutoka ncha, na acha mkono uende chini kama unaotaka kulipita jiwe. Kibanzi kitaanguka upande wa chini, pajani pako. Kigeuze: upande wa ndani una kinundu karibu na ulipopiga, na mawimbi madogo yanayosambaa kama ya kokoto iliyotupwa majini.

Ukipiga karibu mno na ncha, ukingo unasagika unga. Mbali mno, hakuna kinachotoka na kishindo kinaishia kwenye kiwiko chako. Pembe ikizidi nyuzi 90, unaweza kupiga hadi jua lizame. Kibanzi kikikatika katikati na kuacha ngazi kwenye jiwe mama, nguvu ilikuwa ndogo au uso ulikuwa bapa mno. Panga pigo linalofuata liangukie nyuma ya mgongo ulioinuka, kwa kuwa nguvu hupenda kufuata mgongo.

Halafu nunua paja la mbuzi lenye ngozi yake na ulichune kwa vibanzi hivyo. Andika unachokiona: mafuta yanavyofanya jiwe liteleze, kidole cha shahada kinavyochoka kabla ya mkono, makali yanavyokufa na unavyokifikia kibanzi kingine bila kuangalia. Hayo ndiyo yatakayoingia kwenye riwaya. Pembe ya nyuzi 75 haiingii kamwe. Linganisha:

*Bibi alichagua jiwe lenye pembe nzuri, kwa maana alijua kwamba pembe ikiwa pana halipasuki.*

*Bibi aligonga mara moja, akasikiliza, akalitupa. La pili lililia. Akalipangusa kwa ulimi kama anavyofanya siku zote, na kijana akageuza uso asicheke.*

La kwanza limeandikwa na daftari, la pili na mtu aliyeshika jiwe.

Ukimaliza, kusanya vibanzi vyote kwenye turubai ukavifukie na takataka za kisasa, hata kizibo cha soda kinatosha. Vibanzi vipya vikiachwa porini, humdanganya mtafiti wa kesho.

Moto nao ujaribu. Kiswahili kina majina yake: ulindi ni kijiti kigumu kinachopekechwa, uwimbombo ni ubao laini unaopekechewa. Wapya hushindwa kwa sababu ya unyevu wa ubao au kwa kupumzika pale moshi unapoanza, wakati ndio wa kuongeza kasi. Viganja vitaota malengelenge. Hilo pia liandike.

Watu wa kambi

Kuna imani kwamba mtu wa zamani alikufa na miaka 30. Hiyo ni wastani, na wastani hushushwa na vifo vya watoto. Katika jamii za wawindaji na wakusanyaji zilizochunguzwa karne iliyopita, karibu nusu ya watoto hawakufika miaka 15, ila aliyevuka hapo aliweza kuiona miaka 60 au 70. Maana yake kwako: kambi ina vikongwe, wana kumbukumbu ya ukame wa miaka 40 nyuma, na kila mama mtu mzima amezika. Kifo cha Mtoto hakikuwa cha kwanza. Kwa nini basi huyu alifungwa na kuegemezwa kichwa kwa uangalifu ule? Hilo ndilo swali linaloibeba riwaya, na halihitaji vita wala mchawi.

Epuka shujaa anayegundua moto mwezi huu, mkuki mwezi ujao na kufuga mbwa kabla ya masika. Mambo yale yalichukua vizazi mamia. Kitu kimoja kipya kwa riwaya nzima kinatosha, na mara nyingi kinavutia zaidi kikikataliwa na wazee.

Ratiba na ukaguzi

Riwaya ya maneno 80,000 kwa maneno 700 kwa siku, siku tano kwa wiki, ni wiki 23. Usisimamishe uandishi kutafiti. Andika alama ya XX mahali palipo na shaka na uendelee. Ijumaa ndiyo siku ya kuzijibu XX za wiki. Zikizidi 20, daftari lako halikutosha.

Tembelea mahali penyewe mara mbili, kiangazi na masika. Panga ya Saidi wenyeji wanaiheshimu kama mahali pa ibada, basi pitia kwa wazee, chukua mwenyeji wa kukuongoza, na usiguse kitu. Kuokota jiwe kwenye eneo la mambo ya kale ni kosa kisheria: Kenya ina sheria ya makumbusho na urithi ya mwaka 2006, Tanzania ina sheria ya mambo ya kale ya mwaka 1964.

Rasimu ya pili ikiwa tayari, mwombe mwanaakiolojia akusaidie. Usimtumie kurasa 400. Mtumie maswali kumi, kila moja na sentensi ya riwaya inayolihusu, na uulize "hili linawezekana?" badala ya "hili ni kweli?" Swali la pili litajibiwa hapana karibu mara zote.

Mwisho wa kitabu weka ukurasa mmoja au miwili ya maelezo. Taja tarehe na mahali, sema yapi yalichimbwa na yapi ni yako. Kama ulivunja safu kwa makusudi, tuseme uliweka upinde kwa sababu hadithi iliudai, liseme hapo waziwazi kwa mstari mmoja.